UZI: Maandalizi ya likizo Shelisheli kwa sisi tunaotokea Afrika Mashariki

Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Habari za leo wakuu.

Kila ikikaribia katikati ya mwaka watu wananitafuta kuhusu Shelisheli. Wengi ni maharusi wanaotafuta fungate, wengine wazazi wenye watoto, na karibu wote wameshachagua tarehe na hoteli kabla hawajauliza swali hata moja. Nimeona niandike kila ninachokijua hapa, ili mtu akisoma aende akiwa amejipanga. Nchi ile ni nzuri mno, na ni ghali mno, kwa hiyo kosa dogo la maandalizi linauma mfukoni.

Naanza na jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa: upepo.

Mahé, kisiwa kikuu, iko mashariki kwetu zaidi ya kilomita 1,700, katikati ya bahari, na kwa latitudo iko kati ya Mombasa na Pemba. Kusi na kaskazi zinazovuma kwetu ndizo zinazovuma kule. Kusi inashika kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi. Mvua inapungua, jua ni la kupendeza, lakini bahari ya upande wa kusini na mashariki inachafuka, mawimbi yanakuwa makubwa na mwani unatupwa ufukweni kwa marundo. Kaskazi inaingia mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa tatu, joto linapanda, mvua zinakuwa nyingi, na Januari ndiyo huwa na mvua kubwa kuliko miezi yote. Hapo pande zinabadilishana: kule kulikochafuka wakati wa kusi kunatulia, na kaskazini magharibi ndiko kunakopigwa.

Maana yake kwako ni hii. Ukienda mwezi wa saba, lala Beau Vallon ikiwa uko Mahé, maana iko kaskazini magharibi na milima inaikinga. Ukiwa kisiwa cha Praslin, ufukwe wa Anse Lazio utakuwa umetulia, wakati Grand Anse ya Praslin mara nyingi imejaa mwani. Ukienda Januari, Anse Royale upande wa mashariki ya Mahé ndiyo inakuwa shwari. Hoteli haitakuambia haya. Picha ya tovuti yao imepigwa siku ya maji meupe tulivu, na wewe unafika wakati ufukwe mzima umefunikwa na mwani unaooza, umeshalipa usiku saba. Mwani si uchafu, ni kazi ya bahari, ila mtu aliyesafiri kwa ajili ya kuogelea anarudi na kinyongo.

Kama tarehe ziko mikononi mwako, chagua mwezi wa nne, wa tano mwanzoni, au wa kumi. Ni kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, upepo umelegea, maji ni ya kioo, na ndipo ukizama na miwani unaona samaki mpaka chini kabisa.

Vimbunga visiwatishe. Visiwa vikuu viko karibu sana na ikweta, nje ya njia yake ya kawaida. Farquhar, kule kusini kabisa mbali na watalii, ndiyo ilipigwa vibaya na Fantala mwaka 2016.

Sasa karatasi.

Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji viza. Lakini kutohitaji viza si kwamba unaamka na kupanda ndege. Lazima uombe kibali cha kusafiri kwa mtandao kabla ya kuondoka, na bila kibali hicho shirika la ndege halikupi pasi ya kupandia. Unapakia ukurasa wa pasipoti wenye picha, picha yako ya uso, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Unalipa kwa kadi. Fanyeni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Shelisheli peke yake. Kuna tovuti zimetengenezwa zifanane nayo, zinakuchaji mara kadhaa zaidi ya ada halisi kwa kukujazia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe huku unakunywa chai.

Mahali pa kulala panapohesabika ni penye leseni, na pawe pamelipiwa au kuthibitishwa kwa siku zote utakazokaa. Kumwambia ofisa "usiku wa kwanza niko hapa, huko mbele nitatafuta" hakukubaliki. Kupiga hema ufukweni ni marufuku. Wanaweza pia kukuuliza fedha za kujikimu, na kipimo chao ni dola 150 kwa siku kwa mtu, kwa hiyo uwe na taarifa ya benki au kadi ya kuonyesha. Pasipoti iwe na muda wa kutosha mbele. Miezi sita ndiyo salama. Kwa Watanzania ambao bado hamna pasipoti, ada ni shilingi 150,000, na usingoje mpaka umeshanunua tiketi.

Halafu kadi ya njano. Hapa naomba mnisikilize. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano. Ukichanja Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi yako haijaanza kufanya kazi. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa anaingia kwenye maswali hayo hayo, kwenda na kurudi. Chanjeni mapema. Tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asichanje tena.

Nitaendelea na fedha na usafiri wa visiwani. Karibuni kwa maswali.

---

Binti Vuga

Assalam alaykum. Ndugu yangu, sisi tuko Unguja, bahari tunayo mlangoni. Nauliza kwa nia njema kabisa, huko mtu anafuata nini ambacho Nungwi au Mnemba hakipo?

---

Pweza wa Nazi

Waalaykum salaam dada. Swali zuri.

Kwa maji na mchanga pekee, Unguja haina cha kuonea wivu. Tofauti ni ardhi yenyewe. Mahé, Praslin na La Digue ni visiwa vya itale, si vya matumbawe. Majabali makubwa kama nyumba, yamesuguliwa na mvua mpaka yana mifereji laini, yamesimama ndani ya maji. Nyuma yake milima. Morne Seychellois ina mita 905, unatoka ufukweni asubuhi na saa sita uko kwenye ukungu. Praslin kuna bonde la Vallée de Mai, urithi wa dunia tangu 1983, msitu wa koko-de-mer, mti wa jamii ya mnazi ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani. Unasimama chini yake, upepo ukipita majani yanagongana kwa sauti kavu na nzito, na ukiangalia juu unaona zile nazi pacha zimening'inia, unasogea pembeni bila kuambiwa.

Na kuna historia yetu kule. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti Unguja kwa siku mbili hivi Agosti 1896, Waingereza walipomkamata Dar es Salaam mwaka 1916 walimpeleka uhamishoni, na Shelisheli ilikuwa moja ya vituo vyake kabla hajarudishwa. Alifia Mombasa 1927. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro nao walipelekwa huko huko, na Mwanga alifariki akiwa kule mwaka 1903. Ukipanda barabara ya Sans Soucis kuna magofu ya Venn's Town, shule ya wamisionari iliyofunguliwa 1876 kwa watoto wa watumwa waliookolewa kwenye majahazi ya pwani yetu. Mimi nawasihi sana Waswahili mnaokwenda kule, msipite bila kusimama pale. Damu ya watu wa huku iko kwenye nyuso za watu wa kule.

---

Msomaji Kimya

Nathibitisha hiyo ya mwisho. Ukitembea Victoria, mji mkuu wao, kuna watu unaweza kudhani ni wa Lindi au Kilwa, mpaka azungumze Krioli. Ngoma yao ya moutya, UNESCO waliiorodhesha 2021, ukiisikia ngozi ikipashwa moto na kupigwa hutahitaji mtu akueleze ilikotoka. Na wazee wa kule wanaikumbuka Tanzania kwa jingine, wanajeshi wetu walikuwepo kule miaka ile ya Rais René, hata mamluki walipovamia uwanja wa ndege Novemba 1981.

---

Bwana Harusi Mtarajiwa

Mkuu shikamoo kwa uzi. Ndoa ni mwezi wa nane, siku saba. Nimepangiwa Mahé usiku mbili, Praslin tatu, La Digue mbili. Niambie ukweli kama nimepatia, na niandae kiasi gani cha kuzunguka.

---

Pweza wa Nazi

Hongera sana mkuu, Mungu awabariki.

Ukweli: usiku saba, visiwa vitatu ni vingi. Kila kuhama kunakula nusu siku. Kufunga mabegi, kutoka chumbani saa nne, kusubiri boti, kufika, kusubiri chumba kiwe tayari mpaka saa nane au tisa. Mmeoana juzi, mmechoka na vikao vya harusi, halafu mnaanza kukimbizana na ratiba ya boti. Mimi ningekaa Praslin usiku nne na La Digue tatu, Mahé nikaiona siku ya kwanza na ya mwisho. Angalia tu saa ya ndege ya kurudi; ikiwa ni asubuhi, usiku wa mwisho lazima ulale Mahé, kwa sababu boti ikighairishwa kwa upepo ndege haikusubiri.

Boti ya Mahé kwenda Praslin inachukua kama saa moja, na nauli ya mgeni mtu mzima inazidi yuro 50 kwa kwenda tu. Wawili kwenda na kurudi mmeshavuka yuro 200, hapo bado ile ya dakika 15 kutoka Praslin mpaka La Digue. Kuna ndege ndogo ya dakika 15 pia, bei iko juu na mzigo wa kilo chache. Nunua tiketi za boti mapema kwa mtandao, Agosti zinajaa.

Mwezi wa nane ni kusi tupu. Yeyote aliyepanda boti ya Dar–Unguja mwezi wa saba anajua tumbo linavyofanya. Kunyweni vidonge vya kichefuchefu nusu saa kabla, mkae nyuma na chini, mle kitu kikavu, msipande na njaa.

Fedha zao ni rupia, dola moja inapata kati ya 13 na 15 hivi. Shilingi zetu hazibadilishiki kule, nenda na dola au yuro, noti safi zisizochanika. Badilisha kidogo kidogo, rupia ukirudi nazo nyumbani hakuna wa kuzichukua. Kadi inakubalika karibu kila mahali, ila piga simu benki kabla ya kuondoka waifungue kwa matumizi ya nje. Mtu anasimama kwenye kaunta ya gari la kukodi, kadi inakataliwa, na benki ya nyumbani imefungwa kwa sababu ni Jumapili. Hilo limewapata wengi.

Kuna pia tozo ya mazingira ya watalii tangu Agosti 2023, inalipwa kwa kila mtu kwa kila usiku: rupia 25 kwenye nyumba ndogo za wageni, 75 kwenye za kati, 100 kwenye hoteli kubwa. Watoto wa miaka 12 na chini hawalipi. Uliza kama imo kwenye bei uliyolipa, maana mara nyingi haimo.

Chakula ndicho kinachoshangaza watu. Karibu kila kitu kinaingizwa kwa meli, kwa hiyo mkahawa wa hoteli kwa watu wawili jioni unaweza kula bajeti ya siku tatu. Tafuta chumba chenye jiko. Samaki unanunua soko la Victoria au kwa wavuvi jioni pembeni ya barabara. Na kuna vibanda vya kufungasha, kwa rupia 100 hivi unapata sahani ya wali, samaki wa kuchoma au kari ya kuku, na achari ya papai. Kari ya pweza kwa tui la nazi msiikose. Mashelisheli ya kukaanga nayo.

---

Nesi wa Zamu

Naomba kuongeza ya afya, maana ndiyo kazi yangu.

Chanjo ya homa ya manjano si ya kila mtu. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai, aliyeshuka sana kinga, na mzee wa zaidi ya miaka 60 anayechanja mara ya kwanza, waongee na daktari kwanza. Kama hairuhusiwi, daktari anaandika cheti cha msamaha, na unatembea nacho kwenye pasipoti.

Shelisheli hakuna malaria. Sasa sikilizeni jambo ambalo naliona ni la muhimu kuliko yote. Ukiondoka Dar, Mombasa au Kisumu ukiwa na vimelea mwilini, homa inaweza kukupanda siku ya tano ukiwa ufukweni. Daktari wa kule malaria si kitu cha kwanza kinachomjia kichwani. Wewe ndiye umwambie: nimetoka Afrika Mashariki, nipimeni malaria. Usikae chumbani ukinywa panadol ukidhani ni uchovu wa jua.

Kinachopatikana kule ni dengi, inayoletwa na mbu wa mchana. Paka dawa ya mbu asubuhi na jioni. Ukipata homa na maumivu nyuma ya macho, tumia parasetamoli tu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache mpaka upimwe, zinaweza kuchochea kutoka damu.

Jua: ngozi nyeusi inaungua pia. Ukielea na miwani ya kuzamia kwa muda wa saa mbili mgongo uko juu, usiku hulali. Vaa fulana ya mikono mirefu ndani ya maji, ni kinga bora kuliko losheni na haiharibu matumbawe. Viatu vya majini muhimu, kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi na kuna samaki wanaojifananisha na jiwe, ukimkanyaga utajuta. Ukichomwa na samaki wa sumu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na uende hospitali. Kubwa iko Mont Fleuri, Victoria.

Bima ya safari chukueni, iwe inagharamia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege. Dawa zako za kila siku zibebe kwenye begi la mkononi, kwenye paketi zake, na barua ya daktari. Dawa za maumivu makali kama tramadoli bila cheti zitakuletea matatizo.

---

Pweza wa Nazi

Asante sana Nesi, ubarikiwe. Hiyo ya kumwambia daktari umetoka wapi sijawahi kuona mtu akiiandika popote.

Nigusie hapo hapo suala la kukaguliwa. Shelisheli imeumizwa vibaya na heroini, na wasafiri wa kutoka ukanda wetu hukaguliwa kwa makini. Mjibu kwa utulivu, onyesheni karatasi zenu, yanaisha. Lakini usibebe mzigo wa mtu. Hata kama ni mtoto wa shangazi anakuomba upeleke "kifurushi kidogo tu" kwa rafiki yake Victoria, kataa. Matunda, mbegu, nyama na mimea msibebe. Droni inahitaji kibali cha mamlaka yao ya anga. Bunduki ya kuvulia samaki haiingii.

---

Coast Native 001

Sasa mimi natoka Mombasa, nimezaliwa baharini, naogelea vizuri. Naskia La Digue ina beach kali sana. Hizi stori za mikondo ni za kweli ama ni za kuogopesha wageni?

---

Pweza wa Nazi

Ni za kweli kaka, na nakujibu kwa urefu kwa sababu wanaojua kuogelea ndio wanaochukuliwa.

La Digue upande wa magharibi kuna Anse Source d'Argent, ile ya picha zote. Pale mwamba wa matumbawe umezuia mawimbi, maji yakipwa yanakufika magotini, mtoto anacheza. Unapita shamba la L'Union Estate na kulipa kiingilio. Angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa, siku za bamvua maji yakijaa mchanga wote unafunikwa na njia ya kupita kati ya majabali inazama.

Grand Anse, upande wa pili wa kisiwa, ni habari nyingine. Hakuna mwamba wa kukinga. Wakati wa kusi mawimbi yanatoka bahari kuu moja kwa moja na kuvunjikia mchangani. Kuna bango la onyo. Ukisimama juu kidogo ukatazama, unaona mawimbi yanavunjika meupe kulia, meupe kushoto, na katikati pana uchochoro ambapo hayavunjiki, maji yamekaa kama yametulia, rangi yake imekolea au ina mchanga mchanga. Mgeni anachagua kuingilia hapo hapo kwa sababu panaonekana salama. Huo ndio mkondo. Maji yote yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi yanarudi baharini kupitia mlango huo, na hakuna muogeleaji anayeshindana nayo uso kwa uso.

Ukishikwa, usirudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe, kulia au kushoto, mpaka utoke kwenye uchochoro, ndipo ugeukie nchi kavu mahali mawimbi yanapovunjika. Ukichoka, elea chali, inua mkono. Mkondo hauzamishi mtu, unamchosha. Aliyeko nchi kavu asiruke kumfuata bila kitu cha kuelea. Intendance na Takamaka kule kusini mwa Mahé nako ni hivyo hivyo mwezi wa saba.

Na kwa wale ambao hatukufundishwa kuogelea, ambao ni wengi wetu, tuseme wazi: chukua masomo kabla ya safari. Dar, Mombasa, Nairobi, Arusha mabwawa yapo, walimu wapo, mwezi mmoja unatosha kujua kuelea na kuvuta pumzi. Ni fedha ndogo kuliko usiku mmoja wa hoteli. Ukipanda boti ya matembezi, dai jaketi la kuokolea linalokutosha, na la mtoto liwe la mtoto.

Kama utazamia na mtungi, acha saa 24 kabla ya kupanda ndege, hata ile ndogo ya kwenda Praslin.

---

Mama Wawili

Na watoto je? Wangu wana miaka minne na tisa. Baba yao hatakuwepo, ana kazi.

---

Pweza wa Nazi

Dada, beba vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba yao iliyothibitishwa na wakili. Maswali huwa yanaanzia kwetu hapa uwanjani kabla hata ya kufika kule. Kadi ya njano kwa wote wawili, masharti yanaanzia mwaka mmoja.

Laleni Beau Vallon kama ni kipindi cha kusi, au Côte d'Or kule Praslin, maji ni ya kina kifupi kwa mbali. Kwa watoto kitakachobaki kichwani ni kobe wale wakubwa wa Aldabra. Kisiwa cha Curieuse wanatembea huru. Ukienda kati ya Oktoba na Januari, ng'amba, aina ya kasa, hupanda ufukweni mchana kutaga mayai, jambo ambalo kwetu hufanyika usiku. Wafundishe kabla: hatumgusi, hatumkatizi njia, tunakaa nyuma yake.

Soketi za umeme ni zile zile zetu za pini tatu bapa, huna haja ya kununua adapta. Saa, wako mbele kwa saa moja. Laini ya simu kuna Airtel na Cable & Wireless, pasipoti yako inahitajika.

---

Dereva wa Mlimani

Kuendesha kule vipi? Leseni yetu inakubalika?

---

Pweza wa Nazi

Wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza wanaikubali. Kampuni nyingi zinataka dereva awe na miaka 21 au zaidi na zinazuia amana kwenye kadi, kwa hiyo acha nafasi. Barabara za Mahé ni nyembamba, upande mmoja mlima na upande mwingine mtaro mrefu au korongo, bila ukingo. Basi likitokea kwenye kona unakaza roho. Usiku usizunguke kama huna ulazima.

Mabasi ni ya bei rahisi sana na yanafika karibu kila ufukwe wa Mahé na Praslin, ila dereva atakukatalia ukiwa na sanduku kubwa, na jioni yanaisha mapema, Jumapili ndiyo kabisa. La Digue ni baiskeli. Jaribu breki zote mbili kabla hujalipa. Kilima cha kushuka Grand Anse ni kikali.

---

Zuhura M.

Kuna wanaosema Morisi (Mauritius) au Maldivi ni nafuu zaidi kwa bajeti zetu. Na kwa Muislamu, chakula cha halali Shelisheli ni shida?

---

Pweza wa Nazi

Morisi inaweza kuwa nafuu, mabasi na nyumba za wageni ni nyingi, na Mtanzania na Mkenya hawahitaji kuomba viza kabla. Ila iko mbali kusini, mwezi wa saba ni baridi ya kuvaa sweta jioni, na kuanzia Novemba mpaka Aprili ni msimu wa vimbunga. Maldivi wanatoa viza ya siku 30 bure ukifika, unajaza fomu yao ya mtandao ndani ya saa 96 kabla ya safari, kadi ya njano inatakiwa. Kisiwa cha wenyeji kama Maafushi kina bei za kibinadamu. Pombe na nyama ya nguruwe mgeni haruhusiwi kuingia navyo nchini. Ndege zao za majini haziruki usiku, kwa hiyo ukitua jioni utalala Malé au karibu yake kwa gharama yako.

Kwa Muislamu Maldivi ni rahisi zaidi, ni nchi ya Kiislamu. Shelisheli Waislamu ni wachache, lakini Victoria kuna msikiti mkubwa mtaa wa Francis Rachel, ukisali pale waulize wenyeji wapi pa kununua nyama. Samaki hana shida, na mtu anaweza kukaa wiki nzima kwa samaki bila kulalamika.

---

Bwana Harusi Mtarajiwa

Nimebadilisha, Praslin nne na La Digue tatu, ndege ya kurudi ni jioni. La mwisho mkuu: mke wangu anataka ile koko-de-mer iwe zawadi ya nyumbani. Inawezekana?

---

Pweza wa Nazi

Inawezekana, kwa masharti. Kila nazi inayouzwa kihalali ina alama yenye namba na kibali chake cha kutoka nayo nchini. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, usichukue ya kijana wa pembeni ya barabara hata akikupunguzia nusu bei, maana uwanjani wataitaifisha na una kesi juu. Bei ni dola mia kadhaa, na nzima ina uzito, kwa hiyo uliza ile iliyotobolewa ikatolewa nyama ya ndani. Kibali weka pamoja na pasipoti, sio kwenye sanduku. Makombe, matumbawe na mchanga wa ufukweni acheni pale pale mlipovikuta.

Na kwa kuwa ndege ni ya jioni, chukueni boti ya asubuhi kutoka La Digue, msingoje ya mchana. Ni mwezi wa nane.